Watoto Wasiosomwa Kwenye Hitima

Ruwi, Maskati

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Najua siku hizi huniitikii, lakini mimi naamkia tu, na marahaba yangu nitaisubiri. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua tangu mvua zilipokatika. Mimi mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu unaijua.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Simu nimekupigia mpaka nimeona haya. Ujumbe wa sauti nimekutumia mwingi hadi nimeichoka sauti yangu mwenyewe. Basi nimenunua daftari na kalamu kama mwanafunzi, na barua hii nimempa Mama Nasra, jirani yangu wa Kiunguja ninayepanga naye, anayekuja nyumbani likizo. Yeye ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Kilwa Masoko, na shemeji ataipokea hapo kabla hajavuka kurudi Kisiwani. Simu unaweza kuizima, dada. Karatasi haizimiki. Ukitaka kuichana, ichane, lakini isome kwanza.

Na kabla sijaeleza jambo lolote: sikumfuta mwanao. Naliandika hili huku juu ili hata ukikasirika ukaishia hapa, uwe umeshalisoma. Sikumfuta, sikumwambia mtu amfute, wala sikujua kwamba hakusomwa mpaka niliposikia ule ujumbe wako.

Sasa nikupe habari za huku, maana mkasa wenyewe unaanzia kazini kwangu.

Ofisi yetu ni ndogo, tupo watu saba, na kazi yetu ni kutengeneza kurasa za mtandaoni za wenye maduka, za madaktari wa meno, na za mzee mmoja muuza mazulia ambaye kila wiki anataka rangi nyingine. Nje joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria ya wali. Ndani kiyoyozi kinatugandisha, na mimi nashinda nimejitanda ile kanga uliyonipa siku naondoka. Wazee wa hapa wengi wanajua Kiswahili cha Unguja, na nikifungua mdomo wananicheka, eti naongea kama mtu anayeita kuku. Nami nawajibu kwamba kuku wa Kilwa wanasikia vizuri. Likizo yangu bado miezi saba. Idi iliyopita nilikula biriani ya dukani peke yangu, huku nalia mpaka sahani ikaisha.

Mkubwa wangu wa kazi anaitwa Suresh, mtu wa India, mpole lakini kwenye kazi hana mzaha. Wiki yangu ya kwanza nilitengeneza ukurasa ambao wateja wanaandika maoni yao, na maoni yanaonekana hapo hapo kwa kila mtu. Nikajiona fundi. Suresh akaja, akakaa kwenye kiti changu, akaandika maoni yake kama mteja, ila akaweka na alama fulani mbili zenye ncha. Ukurasa wangu wote ukageuka mwekundu, herufi zikawa kubwa kama za bango la mkutano. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia, "Maneno ya mtu ni maneno yake, si amri kwa ukurasa wako. Kila unapoyatoa nje, yafunge kwanza. Leo nimepaka rangi. Mwenye nia mbaya angewaibia wateja wako siri zao."

Tangu siku ile sijawahi kukosea kazini. Ukurasa wa muuza mazulia naukagua mara tatu kabla ya kwenda nyumbani. Shika hilo dada, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Unakumbuka mwaka jana mchwa walivyokiingilia kitabu cha hitima cha Mwalimu Shamte? Walikula jalada na kurasa za mbele, wakaacha majina yananing'inia kama nguo iliyotoboka. Kitabu alichokianza marehemu baba yake, chenye maiti wote wa Kisiwani kwa mfuatano wa kuzikwa kwao. Mama ndiye aliyenipigia kunieleza, na mimi nikajitia kimbelembele, nikasema nitawatengenezea ukurasa, majina yakae mtandaoni, mchwa wasiyafikie, na sisi tulio mbali tuweze kufuata siku ya kusomwa. Mwalimu alikubali kwa shida. Alisema hataki mtu mwingine ayaguse majina, atayaandika mwenyewe.

Na kweli aliyaandika mwenyewe, kwenye simu yake, kwa kidole kimoja, kila siku baada ya alasiri, kwa muda wa miezi miwili. Wakati mwingine alinipigia kuniuliza herufi imekwenda wapi. Alipofika kwenye watoto wasiopewa jina, alikwama.

Wewe huna haja ya kuelezwa hili, lakini acha nilieleze, kwa sababu nimegundua kwamba huku hakuna anayelijua. Kwetu mtoto anapewa jina siku ya saba. Akifariki kabla ya hapo, kitabu cha Mwalimu hakimwachi. Kinamwandika kwa jina la mama yake, katikati ya alama mbili, moja imefunguka kulia na moja imefunguka kushoto, kama mtu aliyekinga viganja viwili kushika kitu kidogo kisianguke. Ndiyo maana tunasema amewekwa viganjani. Hivi:

<mtoto wa Somoe>

Basi Mwalimu aliitafuta alama hiyo kwenye simu siku mbili nzima, asiione. Akavuka hadi Masoko kwa fundi simu, akaonyeshwa. Alinipigia akiwa bado gatini, nasikia watu wanapakia mihogo nyuma yake, yeye anapiga kelele, "Mwanahawa! Viganja nimeviona! Kumbe vimejificha nyuma ya namba!"

Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia, "Viweke, Mwalimu. Viweke vile vile kama kitabu kinavyosema."

"Mimi siongezi nukta wala sipunguzi," akasema.

Hakuongeza wala hakupunguza, dada. Kosa lote ni langu.

Ukurasa wenyewe niliutengeneza Ijumaa moja, siku yangu ya mapumziko, nguo zangu zikiwa kwenye ndoo zinasubiri kufuliwa. Pale ambapo majina yanatoka ghalani yanakohifadhiwa kwenda kuonekana, sikuyafunga. Niliona hii si kazi ya ofisi, ni ya kwetu, nani wa Kisiwani atatuletea ubaya? Nikaufungua kwenye simu, nikaliona jina la baba, la babu, la bibi. Nikalia kidogo, nikafunga simu, nikaenda kufua. Sikuhesabu, wala sikushuka mpaka chini. Kazi ya mwenye mazulia naikagua mara tatu, kazi ya maiti wetu niliitazama mara moja.

Ikafika Shaabani, mwezi wa hitima yetu ya kila mwaka. Mwalimu akasoma kwa simu. Yaliyotokea siku hiyo kwako nimeyajua kwa Mwalimu, baada ya siku kadhaa, na alinieleza kwa aibu sana. Anasema ulikuwa upande wa kina mama, umekaa mbele kama kawaida yako. Akalisoma jina la baba, ukaitikia. Akashuka na orodha. Akafika kwa mtoto wa Siwatu, jirani yetu, akamsoma. Siwatu akajifunika uso. Wa kwako huwa anamfuatia wa Siwatu, miaka yote hiyo, kwa sababu walizikwa wiki moja. Ukanyanyua mikono tayari. Yeye akasoma jina la mtu mwingine.

Anasema ulishusha mikono, ukavaa ndala zako, ukatoka.

Nilimuuliza kwa nini hakusimama. Akaniambia, "Nilihisi nimeruka kitu. Lakini karatasi ningeirudisha nyuma. Simu nilitelezesha kidole nikaona ni yale yale, nikaona haya mbele za watu."

Ndipo ukanitumia ule ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko unavyodhani. "Mwanahawa, umemfuta. Uliniambia nimwache, ukaona unisaidie." Basi. Hukuongeza neno, na mpaka leo hujaongeza.

Nilistahili, dada. Hilo la kufuta hapana, lakini lile neno nilikwambia kweli. Mwaka jana, ulipokuwa unalia kwenye simu, nilikujibu, "Si unaye Hemedi na unaye Asha sasa? Yule mwache apumzike." Nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini, miguu inaniuma, na nikaongea kama mtu mwenye akili sana. Ukaniaga vizuri. Mimi nikadhani limekuingia. Kumbe lilikukaa. Sasa mtu akikwambia mwache, halafu mwaka unaofuata mtoto haonekani kwenye orodha iliyotengenezwa na mtu huyo huyo, na wa jirani yako yumo, wewe ufikirie nini? Hata mimi ningefikiria hivyo hivyo. Nisamehe kwa neno lile. Hakuna mtu mwenye haki ya kumpangia mwenzake muda wa kulia, na mdogo wako ndiye asiye na haki hiyo kabisa, kwa sababu mwanao nilimbeba kwa mikono hii.

Niliposikia ujumbe wako niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa kwenye ngazi na kompyuta. Kwanza nikafungua ghala, yaani pale yanapohifadhiwa yale aliyoyaandika Mwalimu. Mwanao yupo. Neno kwa neno, yuko viganjani, chini ya mtoto wa Siwatu. Nikafungua ukurasa. Hayupo. Nikarudi ghalani, yupo. Nilienda na kurudi hivyo kama mwendawazimu, na nilikuwa na hasira ya kutaka kuivunja ile kompyuta, kabla sijaelewa.

Ni hivi dada, na nitajitahidi niseme kwa maneno ya kwetu. Ile programu kwenye simu inayokuonyesha ukurasa inafanya kazi kama mtu anayemsomea bibi barua kwa sauti. Sasa tuseme mwandishi ameweka pembeni ya barua maneno, "hapa soma polepole." Msomaji hayatamki maneno hayo. Anajua ameambiwa yeye, si bibi. Anayatii kimya kimya na kuendelea. Kwenye kurasa za mtandaoni, maneno ya pembeni ya namna hiyo yanaandikwa kati ya alama mbili zenye ncha. Ndizo zile zile alizozitumia Suresh kugeuza ukurasa wangu mwekundu, na ndizo hizo viganja vya Mwalimu Shamte.

Basi ukurasa ulipomfikia mwanao ulidhani ni agizo. Haukulielewa, kwa sababu hakuna agizo linaloitwa mtoto wa Somoe, na ukurasa usipoelewa agizo haupigi kelele, unanyamaza na kuendelea mbele. Haukumtupa. Alikuwepo pale pale kwenye nafasi yake wakati wote, ila haukumtamka. Mtoto wa Siwatu alionekana kwa sababu moja tu: kidole cha Mwalimu kiliteleza, kikaacha nafasi baada ya kiganja cha kwanza. Nafasi hiyo ndogo ikaufanya ukurasa uone kwamba haya si maagizo, ni maneno ya watu tu. Aliyeandikwa kwa kosa dogo ndiye aliyeokoka, na kila alipoandika kwa uangalifu, mtoto akazama.

Kuponya ni jambo dogo, na udogo wake unanitia uchungu. Yanapotoka nje, kila kiganja unakibadilisha kwa alama nyingine ndefu kidogo, ambayo msomaji akiiona anajua, "Hii si ya kutii, hii ni ya kuonyesha." Anaonyesha kiganja kama kilivyo, mtoto anabaki katikati. Ni mstari mmoja wa kazi.

Na bado nikaukosea. Kwa pupa yangu nikavibadilisha sehemu mbili, ghalani na mlangoni pa kutokea, vikafungwa juu ya kufungwa. Mwalimu akanipigia asubuhi yake, sauti imejaa wasiwasi. "Mwanahawa, watoto wameonekana, alhamdulillahi. Lakini wamevaa nini? Huyu ameandikwa &lt; halafu ndiyo mtoto wa nani. Mimi sikuandika hivi. Wallahi mimi sikuandika hivi."

"Hukuandika, Mwalimu. Ni mimi."

"Basi wavue," akasema. "Watoto wachanga hawa."

Nikawavua. Ghalani nikarudisha kila kitu kama alivyokiandika yeye, viganja vyake vile vile, na hata ile nafasi aliyoiacha kwa mtoto wa Siwatu sikuigusa. Mlangoni tu ndipo nilipofunga, mara moja. Nikamwonyesha Suresh, nikamweleza viganja ni nini na walikuwa ni kina nani. Nilitegemea anisute. Alisoma orodha yote polepole, yeye asiyejua hata neno moja la Kiswahili, kisha akaniuliza ni mstari upi wa dada yangu. Nikamwonyesha. Akaenda kuniletea chai.

Sasa mwanao yupo. Fungua simu ya shemeji utazame. Safari hii nimehesabu, kwa kidole kama Mwalimu, nikilinganisha ghala na ukurasa jina kwa jina. Walikuwa watoto kumi na mmoja ambao hawakusomwa Shaabani hii. Mwalimu anataka kuwasomea hitima yao peke yao, kumi na mmoja wote. Nimemwomba asipange siku mpaka wewe uipange. Ukiona hutaki, usipange. Lakini ukiipanga, nitaomba ruhusa niwe nafuata kwenye simu huku, na nitaitikia kwa sauti hata kama ofisi nzima itaniona kichaa.

Nisalimie shemeji Mfaume, mwambie namshukuru kwa kuwa anapokea simu yangu kwa siri na kuniambia "anaendelea vizuri" hata asipoulizwa. Usimgombeze. Nisalimie Hemedi na Asha, shangazi zao wasiwadanganye, mama mdogo wa Maskati ndiye anayewapenda zaidi. Msalimie mjomba Bakari wa Mitole akishuka na ufuta, na shangazi Sharifa wa Kilangala ukipata mtu wa kumtuma. Msalimie Siwatu, na tafadhali usimnunie. Mwalimu Shamte mwambie viganja vyake viko salama.

Amebaki mama. Salamu zake nimeziweka peke yake, kwa sababu kuna jambo sikuliandika pale nilipokuwa nahesabu.

Wanane katika wale kumi na mmoja mama zao nawajua, na wa tisa ni wewe. Mmoja ni wa zamani sana, nilimuuliza Mwalimu akanieleza. Wa mwisho yuko chini ya jina la babu na juu ya jina la bibi. Wewe na mimi tumemsikia miaka yote akisomwa "mtoto wa Mwanaisha," na kwa kuwa Kisiwani kina Mwanaisha hawahesabiki, hatukuwahi kuuliza ni Mwanaisha yupi. Mwalimu anaposoma hufupisha. Lakini kwenye kitabu baba yake aliandika kwa urefu: mtoto wa Mwanaisha binti Hemedi.

Ni mama yetu, dada.

Nilimpigia Mwalimu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nimenakili tu. Hilo liko kwa mama yako." Nikapiga hesabu za vifo. Babu alifariki wewe ukiwa mdogo, bibi mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Katikati hapo kuna ule msimu wewe ulipopelekwa Mitole kwa mjomba, nawe siku zote husema ulifukuzwa kwa sababu ya ukorofi. Sidhani kama ulikuwa ukorofi.

Najua unavyomwona mama kwa jambo hili. Umeniambia mara nyingi kwamba hakumlilia mwanao, kwamba siku ya tatu alikwenda shamba kuchimba mihogo. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilikuwepo nyumbani, na kuna kitu nilikiona ambacho sijawahi kukwambia, kwa kuwa nilidhani ni cha kawaida. Maziwa yako yalipojaa ukawa na homa, kina mama wote chumbani walikuwa wanashauriana. Mama hakumuuliza mtu. Alichukua kanga, akakukamua kwenye bakuli, akakufunga kifua kwa namna ya mtu aliyewahi kufungwa hivyo, akatoka nje na bakuli. Nilimfuata. Aliyamwaga chini ya mpapai kidogo kidogo, na alikaa pale mpaka ardhi ilipokunywa yote. Kisha akachukua jembe.

Na jioni ya hitima ya mwaka huu alinipigia. Wewe ulikuwa umeshaondoka, hakunieleza chochote juu yako. Alinishukuru kwa ukurasa, akasema Mwalimu amesoma vizuri, akaongeza, "Ila mwaka huu orodha imekuwa fupi kidogo." Mimi nikajibu kwa majivuno kwamba mtandao unaharakisha mambo. Akasema, "Haya, mama," tukaagana.

Usimuulize kitu, dada. Sijui kama anataka kuulizwa. Lakini ukiipanga ile siku, usikae mbele peke yako. Kaa naye. Mwalimu akifika kwa mtoto wa Mwanaisha, mshike mkono, usimtazame usoni, mshike tu. Na yeye alikuja Shaabani hii kumsikia mwanawe, akaondoka hajamsikia, na hakumlaumu mtu.

Mdogo wako anayekupenda na anayekuomba radhi,

Mwanahawa